Unaponunua dume wa ng'ombe, anza kumkagua nyuma

Mnadani watu hutazama nundu na rangi. Wewe zunguka nyuma. Korodani ziwe mbili, zilingane, zining'inie vizuri. Ukizibonyeza taratibu ziwe ngumu kiasi, bila uvimbe. Kisha mtembeze: anayechechemea miguu ya nyuma atashindwa kupanda, hata awe wa mbegu ya Borani ya ukoo gani.

Dume aliyekomaa anatosha majike 25 hivi. Kijana mpe nusu yake.

Tunalolizembea wengi ni kumtoa kwa wakati. Mwaka wa tatu tangu umlete, binti zake wanaanza kuwa mitamba ya kupandwa, naye hachagui. Muuze, au mbadilishane na mfugaji wa mbali, ila kwanza madume yote mawili yapimwe brusela, ugonjwa wa kuambukiza unaofanya ng'ombe watupe mimba.