Kuomba kibali cha ujenzi katika mji mdogo: anzia kwenye kiwanja

Mwongozo huu unamlenga mtu anayetaka kujenga nyumba ya kuishi isiyo ya ghorofa katika mji mdogo wa Tanzania ulio chini ya halmashauri ya wilaya, kama vile Mikumi wilayani Kilosa au Mererani wilayani Simanjiro. Sheria ni ileile ya miji mikubwa: Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inakataza kuendeleza ardhi iliyo ndani ya eneo la upangaji bila idhini ya mamlaka ya upangaji. Tofauti ni kwamba wataalamu ni wachache na aghalabu hukaa makao makuu ya wilaya, ambayo kwa mtu wa Mererani ni Orkesumet, mbali na alipo. Isitoshe, viwanja vingi vimeuzwa kwa karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na mwenyekiti wa kitongoji tu. Katika kazi yangu ya kuchora ramani na kufuatilia vibali, maombi mengi ninayoyaona yakikwama hukwama kwa sababu ya kiwanja, wala nyumba yenyewe haina tatizo.

Hatua ya 1: Thibitisha kiwanja

Nenda ofisi ya ardhi ukiwa na karatasi zako za umiliki, kisha uombe kuonyeshwa kiwanja chako kwenye mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa. Kikiwa kimepimwa, utapewa namba ya kiwanja na ya kitalu, na mpima ardhi ataweza kukuonyesha bikoni zake, yaani alama za mipaka zilizosimikwa kwenye pembe. Kikiwa kimechorwa lakini hakijapimwa, gharama za upimaji hupungua mkijiunga na majirani na kumwita mpima mmoja. Kama kimeangukia kwenye eneo la wazi, la shule au la barabara, usitoe hata shilingi kwa mchoraji; rudi kwanza kwa aliyekuuzia. Na kama eneo bado ni ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, basi mazungumzo yako ya kwanza ni na halmashauri ya kijiji.

Baada ya hapo chukua futi ya kamba uende mwenyewe kiwanjani. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na katika mji kama Mikumi, ambao umekatwa na barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya, kipimo hicho ndicho kinachoamua nani atabaki na nani atachorwa alama ya X ukutani. Pima pia umbali kutoka mtoni, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Korongo lililokauka lisikudanganye. Mnamo tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliteremka hadi mji wa Katesh ulio chini yake na kuzoa nyumba pamoja na watu.

Hatua ya 2: Andaa michoro

Michoro ya kawaida ni ramani ya sakafu, mikato (nyumba inavyoonekana ndani kama imekatwa wima), sura za nje za pande zote, msingi na paa. Karatasi ambayo wengi huipuuza, nayo ndiyo inayonichukua muda mrefu zaidi kuichora, ni mchoro wa kiwanja. Mchoro huo uonyeshe mshale wa kaskazini, namba za bikoni, urefu wa kila mpaka, barabara ya kuingilia, umbali kutoka kila ukuta wa nyumba hadi mpaka ulio karibu nao, na mahali pa choo, karo na shimo la maji taka. Kisima cha jirani kichorwe pia hata kama kiko nje ya mpaka wako, kwa sababu afisa afya atakiulizia tu. Ramani ya kupakua kwenye simu haina lolote kati ya hayo, hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Hatua ya 3: Wasilisha maombi

Andaa fomu iliyojazwa, nakala ya uthibitisho wa umiliki, risiti za kodi ya pango la ardhi, namba ya NIDA na seti za michoro kwa idadi inayotakiwa na halmashauri yako. Halmashauri nyingi hupokea maombi kupitia mfumo wa Tausi wa TAMISEMI, kwa hiyo uliza kwanza kabla ya kudurufu karatasi. Jina lililo kwenye fomu, kwenye hati na kwenye michoro liwe lilelile, herufi kwa herufi. Ada hutokana na sheria ndogo za halmashauri na hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, ile inayoanza na 99. Anayetaka umpe fedha mkononi hakusaidii.

Hatua ya 4: Fuatilia

Jalada hupita kwa ofisa mipango miji, ardhi, afya na mhandisi kabla ya kufika kwenye kamati ya vibali. Uliza kamati itakaa lini, na uliza kama mhandisi amekwisha kufika kiwanjani; pale ambapo mhandisi mmoja na gari moja vinahudumia wilaya nzima, swali hilo la pili ndilo lenye uzito zaidi. Wajenzi kadhaa wa kitongoji kimoja wakiomba wakaguliwe siku moja, hukubaliwa kwa urahisi.

Hatua ya 5: Jenga kwa ukaguzi

Soma masharti na muda wa kuanza ujenzi ulioandikwa kwenye kibali. Mwite mkaguzi msingi ukiwa wazi na nondo zimefungwa, kabla fundi hajamwaga zege, kisha umwite tena kwenye hatua nyingine zilizotajwa. Akikagua, asaini na kuandika tarehe hapohapo. Nyumba ikikamilika, omba ukaguzi wa mwisho na kibali cha kutumia jengo kabla ya kuhamia.