Kuunga Kidhibiti Joto na SSR kwenye Hita ya Kilowati 3 ya Kupikia Bia Nyumbani

Kimea kikilowekwa kwenye maji ya nyuzi 65 hutoa sukari nyingi inayochachuka na bia huwa kavu. Kikilowekwa kwenye nyuzi 69, bia hubaki nzito na yenye utamu kidogo. Kwa tofauti ndogo namna hiyo, kuwasha na kuzima hita kwa mkono huku ukichungulia kipimajoto ni kujisumbua. Hapa naeleza ninavyounga kidhibiti cha PID (kinachopima joto na kupunguza nguvu ya hita kadiri joto linavyokaribia lengo) na relei ya SSR (swichi ya kielektroniki isiyo na sehemu zinazosogea) kwenye sufuria ya lita 50, kwa umeme wa volti 230. Ikiwa hujawahi kufunga hata soketi, kazi hii mpe fundi umeme.

Hatua ya kwanza ni hesabu. Wati 3,000 ukizigawa kwa volti 230 unapata amp 13, mzigo ambao kidhibiti chenyewe hakiwezi kuubeba: relei iliyo ndani ya kidhibiti joto cha STC-1000, kwa mfano, ni ya amp 10. Kwa hiyo kidhibiti kitoe amri tu, na mzigo ubebwe na SSR ya amp 40. Usitegemee pia plagi ya pini tatu. Mimi nilianza nayo, na kabla maji hayajachemka pini ya laivu ilikuwa imegeuka kahawia na plastiki inanuka. Tangu hapo natoa waya wa milimita za mraba 4 moja kwa moja kutoka kwenye breka ya amp 20 inayokata laivu na nyutro pamoja, ikitanguliwa na RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja) ya miliamp 30.

Pili, kagua vifaa kabla ya kulipa. SSR iwe imeandikwa DA, maana yake inaamriwa kwa umeme wa DC na kuwasha mzigo wa AC. Kidhibiti nacho kiwe cha toleo la kuendesha SSR. Kidhibiti cha REX-C100, kwa mfano, huuzwa kwa matoleo mawili yanayofanana kwa sura, na lile la relei halitoi volti yoyote ya kuiamsha SSR.

Tatu, zima umeme, uthibitishe kwa mita, kisha uanze na ethi: sufuria, boksi la chuma na kipoza joto cha alumini vyote viungwe nayo. Kipoza joto si pambo, kwa sababu SSR inayopitisha amp 13 hugeuza takriban wati 15 kuwa joto. Paka grisi ya kupitisha joto chini ya SSR, na mapezi yakae nje ya boksi.

Nne, laivu ipite kwenye kontakta (swichi kubwa inayovutwa na koili ya umeme) ya amp 25, iingie SSR, ndipo ifike kwenye hita. Nyutro ipite kwenye nguzo ya pili ya kontakta. Koili ya kontakta iwashwe kwa swichi ya kawaida iliyo mlangoni mwa boksi. Wengi huiruka kontakta hii kwa kubana matumizi, lakini SSR inapokufa mara nyingi hufa ikiwa imeshikana, hita ikaendelea kuwaka hata kidhibiti kikisema imezimwa. Hata ikiwa nzima, huvujisha umeme kidogo, kiasi kwamba testa itawaka kwenye hita iliyozimwa.

Tano, unga matokeo ya kidhibiti kwenye terminali 3 na 4 za SSR, chanya kwenye 3, ukifuata mchoro uliobandikwa ubavuni mwa kidhibiti. Kihisi joto cha Pt100 kizamishwe kwenye maji, mbali na hita.

Jaribu kwa maji matupu, hita ikiwa imezama kabisa, kwani ikiwaka bila maji huungua mara moja. Kwenye kidhibiti, weka mzunguko wa kuwasha na kuzima uwe wa sekunde 2, anzisha AT (auto-tune) ili kidhibiti kijipime chenyewe, kisha subiri: lita 40 kutoka nyuzi 20 hadi 67 huchukua yapata dakika 45, au zaidi kidogo. Walio Arusha, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, wakumbuke kuwa maji huchemka karibu na nyuzi 95. Ukiweka 100 hita haitazimika kamwe, na sufuria itafurika povu.