George Town ya Penang kwa shanta moja mgongoni

Pinang kwa Kimalei ni popoo, ile ile tunayoitafuna kwenye tambuu. Pulau Pinang, yaani Penang ya Malaysia, basi, ni Kisiwa cha Popoo, na mji wake mkuu ni George Town, alioutia bendera ya Waingereza nahodha wao Francis Light mwaka 1786 na kuupa jina la mfalme wao. Mimi ni mtu wa Mji wa Kale, Mombasa. Nilikaa kule siku tisa na shanta moja, na haya ndiyo ninayowaambia wenzangu wenye hamu ya kwenda na mfuko mwembamba.

Kabla hujaondoka, jaza kwenye intaneti fomu ya kuingilia Malaysia ndani ya siku tatu kabla ya kutua. Ni bure, kwa hiyo tovuti yoyote inayokudai pesa ikimbie. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iweke pamoja na pasipoti, usiizike chini ya nguo.

Kutoka Kuala Lumpur huna haja ya ndege. Treni ya umeme kutoka stesheni ya KL Sentral hufika Butterworth kwa saa nne hivi. Basi ni nafuu zaidi, ila huchelewa zaidi. Butterworth iko bara, na ukishuka kwenye treni gati ya feri iko pale pale. Vuka kwa feri usiku haujaingia. Sisi tuliolelewa na Likoni tutadhani tunajua kivuko, lakini kuuona mji ule ukisogea na vilima vyake nyuma ni kitu kingine, na nauli yake ni ringgit chache tu.

Malazi ya bei ya chini yamejaa mitaa ya Lebuh Chulia na Love Lane. Nyumba ni za kizamani, duka chini na makazi juu, nyembamba kwa mbele na ndefu kwenda nyuma, na katikati zina uwazi wa kuingiza hewa na mvua, kama kiwanda, ule ua wa ndani, cha nyumba za Lamu. Chukua kitanda katika chumba cha watu wengi, chenye feni, upande wa nyuma. Mbele utalala na kelele za baa hadi usiku wa manane. Na uliza kodi ya utalii kabla ya kulipa. Mgeni hutozwa ringgit 10 kwa chumba kwa usiku. Mahali nilipofikia mwanzo hawakuitaja mpaka nilipokwisha vua viatu, na bajeti ya chakula cha siku mbili ikaenda pale kaunta.

Chakula ndicho kilichonipeleka, na ndicho kitakachokuokolea pesa ukikijua. Anza na nasi kandar. Kandar ni mzegazega: Waislamu wa Kitamil walikuwa wakipita bandarini na mti begani, sufuria ya wali huku, ya mchuzi kule. Leo ni mikahawa, lakini kazi ni ile ile. Unapanga foleni, unataja wali, bamia, kabichi, yai au kipande cha kuku, kisha unasema "banjir", yaani mafuriko. Hapo mpakuaji huchota upawa wa mchuzi wa samaki, wa kuku na wa nyama, akavimwaga vyote juu ya wali mpaka ukolee. Ngisi, kamba na kichwa cha samaki usionyeshe kidole kabla ya kuuliza bei; ngisi mmoja tu anaweza kuongeza bei ya sahani yako mara dufu. Asubuhi kula roti canai na dengu na chai ya kuvutwa, teh tarik. Ni ndugu wa chapati yetu, ila unga wake huzungushwa hewani hadi uwe mwembamba kama shashi. Kwa wasiokula nguruwe: char koay teow ya Wachina, tambi bapa za mchele, mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Tafuta kibanda chenye alama ya halali.

Mji wenyewe tembea kwa miguu, chini ya kaki lima, zile baraza zenye paa mbele ya maduka. Jua la saa saba halina huruma. Barabara ya Masjid Kapitan Keling ina msikiti wa 1801, kanisa la St George's la 1818, na hekalu za Wachina na Wahindu, vyote vya kufikika bila kutoka jasho. Ukichoka kuna basi la bure liitwalo CAT. Mabasi mengine mengi hupita kituo cha Komtar. 204 ndilo la kwenda hekalu la Kek Lok Si. Beba chenji kamili, dereva harudishi.

Alasiri nenda Lebuh Acheh. Msikiti wake wa 1808 ulijengwa na sharifu mfanyabiashara aliyetoka Aceh, kaskazini mwa kisiwa cha Sumatra, na mahujaji wa visiwa vya huko walikuwa wakikusanyika mtaa huo kungoja meli za Jeddah. Baada ya swala mzee mmoja aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Mombasa. Akauliza kama kwetu wapo masharifu wa Hadhramaut ya Yemen. Nikamtajia koo nne, akashika mkono wangu na hakuuachilia mpaka tulipofika kibandani, akaniagizia chai.