Kumlea binti katika imani: mwongozo kwa akina mama wa makanisa ya Nairobi

Paulo hakumwagiza Tito awafundishe wanawake vijana yeye mwenyewe. Alimwambia awafundishe wanawake wazee mwenendo mwema, kisha wao ndio wawafunze vijana (Tito 2:3-5). Na mara tu baada ya kutaja mwenendo wa utakatifu, akasema wasiwe wasingiziaji. Mpangilio huo una maana kubwa, kwa sababu ulezi wa namna hii huvunjika kwa ulimi mara nyingi kuliko kwa kukosa maarifa ya Biblia.

Hapa Nairobi haja ni kubwa. Binti anaishi bedsita peke yake Pipeline au Githurai, mama yake yuko Bungoma au Machakos, na shangazi anapigiwa simu Krismasi tu. Kanisani anasalimiwa kila Jumapili, lakini hana mtu wa kumuuliza jambo ambalo haliwezi kuulizwa madhabahuni. Mama mlezi anaziba pengo hilo, mradi aingie kwa utaratibu.

Anza na kuoanisha. Viongozi wa akina mama, wawe wa Woman's Guild, Mothers' Union au Dorkasi, wasigawe mabinti kwa orodha kama viti vya mkutano. Mpe binti majina matatu achague mwenyewe, na umruhusu abadilishe baada ya mwezi mmoja bila kuulizwa sababu. Pengo la miaka 15 au zaidi linafaa, maana mlezi awe ameshapita mahali binti anapoelekea. Usimpe mama mkwe wake mtarajiwa, wala mwenye nyumba anayompangisha, wala bosi wake, wala mama aliye rafiki wa karibu wa mama yake mzazi. Hao wote wana kitu cha kupata au kupoteza kwa atakachosema, naye atakuwa anachuja maneno. Angalia pia umbali. Ikiwa safari inahitaji matatu mbili na kupitia katikati ya mji, mikutano itakufa kabla ya mwezi wa tatu, hata kama wanapendana sana.

Siku ya kwanza msisome Biblia kwa muda mrefu. Kubalianeni mambo machache na kila mmoja ayaandike kwenye daftari lake: mtakutana mara mbili kwa mwezi, saa moja na nusu, kwa miezi sita, kisha mtaamua kama mnaendelea. Muda usio na mwisho humfanya binti aone aibu kuacha, na mama aone uzito kuendelea. Chagueni siku inayomfaa yeye. Binti anayefanya kazi ya nyumbani huwa na Jumapili peke yake, wa chuo ana majuma ya mitihani, na mwenye mtoto mchanga hawezi kutoka, kwa hiyo wewe ndiye uende kwake. Mmalize mapema afike nyumbani kabla ya giza. Kubalianeni pia saa za simu na kwamba hamkopeshani pesa kabisa. Mkopo ukiingia tu, binti huanza kukukwepa hata kwenye mlango wa kanisa.

Halafu siri. Mwambie wazi kwamba atakachosema hakitatoka, isipokuwa uhai wake au wa mtu mwingine ukiwa hatarini, au mtoto akidhulumiwa. Siri zetu nyingi hutoka zikiwa zimevaa nguo za maombi: “Tumwombee fulani, anapitia jambo zito na mchumba wake.” Kikundi kizima kinajua jioni hiyohiyo. Usitaje jina lake wala kisa chake kwenye maombi ya pamoja, hata kwa mafumbo, bila ruhusa yake. Na mume wako asiambiwe.

Kikao chenyewe kipe umbo jepesi. Robo saa ya kwanza ni habari za majuma mawili yaliyopita. Kisha nusu saa ya Neno, kifungu kimoja kifupi msomacho kwa sauti mkipokezana. Luka 1:39-56 inafaa sana kuanzia, kwa sababu Mariamu, msichana mwenye habari nzito, anakimbilia nyumba ya jamaa yake mzee Elisabeti na kukaa huko miezi kama mitatu. Baada yake someni Ruthu sura zote nne, moja kwa kikao, mwone jinsi Naomi anavyompa Ruthu maagizo ya vitendo kabisa: oga, jipake mafuta, vaa, teremka uende. Uliza maswali yaleyale kila mara: umeona nini hapa, kimekugusa wapi, wiki hii utafanya nini. Kisha nyamaza. Akikaa kimya, hesabu hadi kumi moyoni kabla ya kusema neno. Kosa letu kubwa ni kujibu swali tuliloliuliza wenyewe. Ukitoka ukiwa umeongea zaidi yake, hicho kilikuwa kipindi cha mahubiri.

Muda uliobaki ni wa maisha, na hapa ndipo mama mwenye umri ana hazina. Fanyeni kazi huku mkiongea. Mkiwa mnakatakata sukuma au kuchambua maharagwe, macho yenu yanatazama kisu, na binti husema mambo ambayo hawezi kuyasema mkitazamana uso kwa uso mezani. Mwachie yeye apike mnachokula, hata chapati zikitoka ngumu.

Suala la pesa lipewe vikao viwili vizima. Mwombe alete taarifa ya M-Pesa ya mwezi mmoja (huombwa kupitia *334#), pamoja na kalamu nyekundu. Usiipitie wewe. Mpe kalamu azungushie mwenyewe kila pesa iliyotoka bila mpango. Kisha andikeni bajeti. Chukua mfano wa binti anayepata shilingi 30,000 mkononi: fungu la kumi 3,000, kodi 9,000, maji na stima 1,500, nauli 4,400 kwa siku 22 za kazi, chakula 6,000, gesi 1,200, nyumbani kwa wazazi 2,000, akiba 2,000. Jumla ni 29,100. Zimebaki 900, na bado hajasuka nywele, hajanunua sodo wala bando. Mwache aione hesabu hiyo kwa macho yake, maana Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, huingia hapohapo: unakatwa ada ya kuanzia, kisha ada nyingine kila siku unayochelewa, na mshahara ukiingia deni linajichukulia lake kwanza. Binti wengi hawafuji pesa. Mpango wao umebana mno tangu mwanzo, na kumkemea kuhusu nywele hakusaidii. Tafuteni pamoja kinachosogea: nyumba ya kuchangia na mwenzake, kununua nafaka kwa jumla Nyamakima badala ya kilo moja moja dukani, au kupunguza chama kimoja cha kuchangiana pesa kati ya viwili.

Kuhusu uchumba, uliza zaidi ya unavyoshauri. Je, ameshafika kwao kijana? Anamwona vipi akikasirika? Ana madeni gani? Watazungumza lini kuhusu idadi ya watoto na nani atakayelipa kodi? Haya yaulizwe kabla familia hazijaanza kukutana kwa mahari, kwa sababu baada ya hapo aibu ya kurudi nyuma huwa kubwa. Usimtafutie mchumba. Wala usimlinganishe na binti yako wa kuzaa.

Kwa aliyejifungua, usiende mikono mitupu na usiende na ushauri. Nenda na uji wa thermos na kitu cha kupika, fua nguo za mtoto, mshike mtoto saa moja mama alale. Akiendelea kulia kila siku zaidi ya majuma mawili, hataki kumwona mtoto au anasema afadhali afe, mpeleke kliniki. Huo ni ugonjwa unaotibika. Maombi yaendelee, na kliniki iendelee.

Kipigo kina kanuni zake, na hapa usiyumbe. Binti akisema anapigwa, usimwambie arudi akavumilie, na usimwite mume wake mje “kuongea”. Ukimfichua, unaweza kumwongezea hatari. Muulize kama yuko salama usiku huu na kama watoto wako salama. Namba 1195 ni ya bure na inapokea simu kuhusu ukatili wa kijinsia. Akiwa amebakwa, afike hospitali upesi, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hazifai baada ya hapo. Asioge wala asifue nguo alizokuwa amevaa. Zifungwe kwenye gazeti au karatasi ya kaki, si plastiki. Fomu ya P3 ya polisi, ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha, haitozwi pesa. Akiwa chini ya miaka 18, piga 116. Mfuate hadi hospitalini, keti naye kwenye foleni.

Yako pia mambo yasiyo yako kuyatatua: kesi ya mirathi, ushahidi mahakamani, ugonjwa wa akili, deni la mkopo wa simu lililomwingiza CRB, yaani kwenye orodha ya walioshindwa kulipa mikopo. Kazi yako hapo ni kujua nani anajua, na kumsindikiza.

Mwezi wa tano, anza kutaja mwisho. Katika kikao cha mwisho fungueni lile daftari la siku ya kwanza, msome alichoomba na kilichotokea, mwombeane, kisha umwulize kama kuna msichana mdogo wa Shule ya Jumapili au aliyemaliza kidato cha nne ambaye angetaka kutembea naye. Akisema bado, usimsukume. Akisema ndiyo, mkalishe na kiongozi wa akina mama wiki hiyohiyo, na umweleze kwanza habari ya siri.