Somo: Mtaa wenye nyumba kwa rangi za maji, tabaka juu ya tabaka

Rangi ya maji hupitisha mwanga, na weupe wa karatasi ndio unaoipa picha mng'ao. Kwa kuwa kila tabaka hupunguza mng'ao huo, tunaanza na rangi nyepesi, na sehemu zitakazobaki nyeupe huamuliwa kabla brashi haijaguswa.

Tumia karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Nyembamba zaidi hujikunja ikilowa. Chora kwa penseli bila kukandamiza, ukianza na mstari wa usawa wa macho: kingo za paa zilizo juu yake huteremka kuuelekea kadiri mtaa unavyokwenda mbali, na kingo za barabara hupanda.

Tabaka la kwanza ni la anga, kuta na barabara, kwa maji mengi. Usiogope rangi ya ukuta ikiingia barabarani, kwani ndiyo inayoiunganisha nyumba na ardhi. Kisha subiri. Gusa karatasi kwa mgongo wa mkono. Ukihisi ubaridi, bado ina maji.

Tabaka la pili hutenganisha maumbo tu: paa, milango, miti.

Tabaka la tatu, la vivuli, ndilo ninalowasihi mlipe muda. Changanya buluu ya altramarini na kahawia nyekundu upate kijivu chepesi ambacho ukuta utaendelea kuonekana chini yake. Amua jua linatoka wapi, kisha anzia chini ya paa, shuka ukutani na uvuke hadi barabarani kwa mpako mmoja usiokatika. Kivuli kilichopakwa vipandevipande huitawanya nyumba, hata kama mchoro wa penseli ulikuwa sahihi kabisa.

Malizia na giza la madirisha, nguzo na watu wachache.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nikipaka kivuli, rangi ya ukuta inachanganyika nacho na kuwa tope. Nifanyeje?

Jibu: Ama ukuta haukukauka, ama brashi imepita mara nyingi mahali pamoja. Tumia brashi laini iliyojaa rangi, pitisha mara moja, uache.

Swali: Anga langu limetoka na madoa yenye kingo za kuchanikachanika.

Jibu: Maji mapya yameingia kwenye rangi iliyoanza kukauka, yakaisukuma pembeni. Ukiona mng'ao wa maji umepotea, usirudie. Subiri pakauke kabisa, ndipo upake tabaka jingine.

Swali: Watu wa mbali niwachore wapi?

Jibu: Barabara ikiwa tambarare nawe umesimama, vichwa vya watu wa kimo chako hukaa kwenye usawa wa macho, wa karibu na wa mbali, miguu ndiyo hupanda kadiri wanavyokwenda mbali.