Taa ya cheki injini ikiwaka kwenye Range au X5 ya petroli hapa Tabora

Jamani taa ikiwaka usikimbilie kununua sensa, wala usichomoe betri ili izime, unafuta kodi (namba za hitilafu ambazo gari imehifadhi) halafu fundi anabaki kubahatisha. Ikitulia tu bila kupepesa na gari inavuta vizuri, endesha taratibu mpaka kwa fundi, ila ikipepesa na gari inamisi (silinda haiunguzi mafuta sawasawa, injini inatetemeka) simama hapohapo, mafuta yasiyoungua yanaenda kuunguza masega ya ekzosi (kichujio cha kusafisha moshi) na bei yake we acha tu.

Chomeka kifaa cha OBD2, kile cha kusomea kodi za gari, chini ya usukani, washa swichi, andika kodi zote. P0303 ni silinda ya 3 inamisi: zima injini ipoe, badilishana koili (inayopeleka umeme kwenye plagi) ya 3 na ya 2, futa kodi, endesha, ikija P0302 koili ndo imekufa, ikibaki P0303 geukia plagi na noseli.

P0171 ni hewa nyingi mafuta kidogo. Kwa vumbi letu la kiangazi mi naanza na ea klina na sensa ya hewa, ipulize dawa yake, ule waya mwembamba usiuguse hata kwa kitambaa, kisha kagua mipira ya hewa kama imepasuka.