Somo: Namna seli moja inavyokuwa mbili

Wanafunzi wengi hukariri majina ya awamu za mitosisi (kugawanyika kwa kiini cha seli) wakaruka intafezi (maandalizi ya kabla yake), na huko ndiko kazi kubwa iliko. Seli ya binadamu inayokuzwa maabara humaliza mzunguko wake, yaani maandalizi hadi kugawanyika, kwa takriban saa 24. Mitosisi huchukua kama saa 1 tu.

Hatua ya 1: Intafezi. Katika kipindi cha G1 seli hukua na kuunda protini. Katika kipindi cha S hunakili DNA yake yote, yaani maelekezo yake ya urithi. Tulia hapa, maana ndipo hesabu huwapotea wengi: kromosomu (vifurushi vya DNA) hubaki 46, ila kila moja sasa ina kromatidi pacha mbili, yaani nakala mbili zinazofanana, zilizoshikana kwenye sentromia (kiungo chao), jumla kromatidi 92. Katika G2 nakala hukaguliwa na makosa hurekebishwa.

Hatua ya 2: Mitosisi. Katika profezi kromosomu hujikunja, zikawa fupi na nene, kisha utando wa kiini huvunjika. Katika metafezi hujipanga katikati, zikiwa zimeshikwa na nyuzi kutoka ncha zote mbili za seli. Kromosomu moja tu isiposhikwa sawasawa, seli husubiri. Nalipenda sana jambo hili. Anafezi ikianza, pacha huachana na kuvutwa kila mmoja upande wake. Telofezi huunda viini viwili.

Hatua ya 3: Sitokinesisi, yaani seli yenyewe kukatika mbili. Seli ya mnyama hubanwa katikati mpaka ikatike. Ya mmea ina ukuta mgumu, hivyo hujenga ukuta mpya katikati.

MASWALI

Mwalimu, DNA ikishanakiliwa, mbona hatusemi kromosomu ni 92?
Kwa sababu tunahesabu sentromia. Pacha wakiachana katika anafezi, kila mmoja huhesabiwa kromosomu kamili, na hapo kweli seli huwa na 92 kwa muda mfupi.

Nimetazama ncha ya mzizi wa kitunguu kwa hadubini, seli nyingi hazionyeshi kromosomu. Nimekosea wapi?
Hujakosea. Nyingi zimo kwenye intafezi, DNA ikiwa imetandazika. Endelea kusogeza slaidi, hasa karibu na ncha yenyewe.

Seli zote hugawanyika?
Hapana. Seli nyingi za neva hutoka kwenye mzunguko na kukaa katika hali ya G0. Za ini nazo hukaa humo, lakini ini likijeruhiwa hurudi kugawanyika.

Na saratani inaingiaje?
Vizuizi vya mzunguko vikiharibika. Protini p53 husimamisha mzunguko DNA inapoharibika, ili irekebishwe, au huielekeza seli ife. Jeni la p53 lina hitilafu katika takriban nusu ya saratani za binadamu; seli hizo huendelea kugawanyika na makosa yake.